Herufi Hamsini

Kaya nambari mia mbili na nne,
Mukuru, nyuma ya kiwanda cha sabuni,
ambapo mvua ikinyesha mtaro hutoa povu
na watoto huja mbio wakidhani ni sherehe.
Nilibisha bati kwa funguo.
"Ingia, lakini usikanyage unga," akasema.
Hapakuwa na unga.
Ulikuwa mzaha wake wa asubuhi.

Jina: Syokau Mutiso. Umri:
"Kitambulisho kinasema arobaini na moja.
Magoti yana jibu lao."

Kishikwambi kiliuliza, nami nikauliza kama kilivyouliza:
Kiwango cha juu cha elimu?
Akacheka kwa upande mmoja wa mdomo.
"Kidato cha nne. Cheti kiko Machakos,
kwenye kabati la mwalimu mkuu,
kinalinda deni la karo, elfu kumi na nane.
Mwaka wa ishirini na mbili huu.
Kabati hilo limeelimika."
Nikabofya: Sekondari.

Chanzo cha maji?
"Kwa Kerubo. Mtungi shilingi ishirini,
mfereji ukikauka, hamsini.
Kule Kileleshwa ninakofua kila Jumanne
maji hunyweshwa nyasi,
na mwenye nyasi analalamikia bili.
Niliiona mezani, hiyo bili.
Nikapiga hesabu nikisugua kola:
zile nyasi hununua maji
kwa bei nafuu kuliko mimi."
Nikabofya: Bomba la jirani.

Je, katika miezi sita iliyopita uliandikiwa dawa?
"Ya kifua."
Je, ulimaliza dozi kama ulivyoelekezwa?
Ndiyo.
La.

Hapo akanyamaza.
Akatoa bahasha ya kaki nyuma ya redio.
"Soma mwenyewe, wewe uliyesoma."
Moja, kutwa mara tatu, baada ya chakula.

"Sasa hesabu nami.
Chakula hapa ni saa mbili usiku.
Kikiwepo.
Nilimuuliza yule kijana wa dirisha la dawa,
nimeze bila kula?
Akasema tumbo litachomeka.
Basi nikatii.
Siku saba zikawa ishirini na moja,
na kifua hakikungoja."

Kwenye mafunzo, katika hoteli ya Upper Hill,
tuliambiwa: usiongoze jibu,
usitikise kichwa, usiahidi kitu.
Saa nne chai, na sambusa mbili kwa kila mtu.
Ya pili niliiacha kwenye sahani.
Sijui kwa nini ndiyo niliyoikumbuka
nikiwa nimekalia ndoo ya Syokau,
kidole juu ya La.

Maana La ninaijua inakokwenda.
Inashuka safu ya wasiofuata maelekezo,
inageuka asilimia,
asilimia inavaa tai, inapanda jukwaani,
na mtu anasema, wananchi waelimishwe,
kisha zinachapishwa fulana.

Madaftari ya zamani yalikuwa na pambizo.
Ungeweza kuandika kando, kwa penseli,
kile ambacho swali halikujua kuuliza.
Kishikwambi hakina pambizo.
Kina kijisanduku kimoja, chini kabisa:
Nyinginezo, fafanua.
Herufi hamsini.

Nikaandika habari ya kipato. Nikafuta.
Nikaandika usalama wa chakula,
nikaona ni usemi wa hoteli, nikafuta.
Nikaandika: Alimeza kila alipokula

"Ongeza mara ngapi," akasema begani pangu,
kwa maana alikuwa anasoma,
kidato cha nne chake hakikufungiwa kabatini.
Alimeza kila alipokula, mara ishirini na moja.

Juu ya kioo tarakimu ikaonyesha: zimebaki nne.

Akahesabu kwa vidole, polepole,
kama mtu anayepima chumvi.
"Njaa," akasema. "Inatosha."

Sikuongoza jibu. Sikutikisa kichwa.
Nikaandika, nikahifadhi,
mashine ikazunguka kidogo ikitafuta mtandao.

Kaya mia mbili na tano ilikuwa ya Kerubo wa maji.
Nilibisha mara tatu.
Hakuwepo.